Idadi Isiyo na Kazi: Hadithi za Watoto katika Somo la Hesabu

Vitabu vingi vya kuhesabia wanavyosomeshwa watoto wa madarasa ya chini nchini Kenya vina kasoro moja ya kifasihi: idadi haina kazi katika masimulizi. Ndege watano wametua mtini, mmoja ameruka, wamebaki wanne. Wala hakuna linalogeuka kwa kuwa wamebaki wanne. Hilo ni jedwali lililopambwa kwa picha.

Ilinganishwe na ngano mashuhuri ya ngamia 17. Baba amewausia wanawe: wa kwanza nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui. Mzee mwenye busara anaongeza ngamia wake mmoja; wanagawana 9, 6 na 2, naye anaondoka na wake. Hapa hesabu ndiyo fundo la kisa. Mwalimu wa Bungoma aweza kuwageuza ngamia kuwa ng'ombe pasipo kuharibu kitu. Asiloweza kuligeuza ni kwamba sehemu zile tatu zikijumlishwa ni 17/18, wala si kizima. Akiishia kwenye kicheko, somo limempita. (Ngano hii yafaa madarasa ya juu, ambamo hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, basi mzigo huo utabebwa na kipindi cha Kiswahili.)

Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imependekeza lugha ya mazingira ya shule kwa miaka mitatu ya mwanzo. Katika mji wenye mchanganyiko wa makabila kama Kitale, lugha hiyo ni Kiswahili. Vijijini Bungoma ni Kibukusu. Mtoto wa Kitale husikia "vikapu vitano", kisha "vikapu sita", kwa kuwa sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu, hazipokei upatanisho. Tena neno "thelathini" limeficha tatu, ilhali Kibukusu hutaja makumi matatu waziwazi. Kwa hiyo kitabu kilichotafsiriwa kutoka lugha moja hadi nyingine hakifunzi tena hesabu ileile, na wafasiri hawaonekani kulijali jambo hili.

Wala visa havikosekani. Sokoni Kitale mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo 2 hivi. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro 45. Mchuuzi akibonyeza kitako cha mkebe hata ukachukua kilo moja na robo tatu, gunia lilelile litatoa 51 na kusaza. Hadithi ya mkebe huo ingemlazimu mtoto ahesabu ili ajue nani amepunjwa, na kwa kiasi gani.