Sauti Iliyochezewa: Namna ya Kuipima kwa Sikio

Tafuta wimbo wa Cher, "Believe", uliotoka mwaka 1998. Vaa hedifoni nzuri, na kwa mara hii uache mdundo ujiendee wenyewe. Fuata sauti tu. Ndani ya beti kuna maneno machache ambayo sauti inaruka kutoka noti hadi noti kama mtu anayepanda ngazi bila kukunja goti. Kisha kinakuja kiitikio, na Cher anarudi na koo lake pana, zito kidogo, la mwanamke aliyekwisha kuimba miaka mingi. Watayarishaji wake, Mark Taylor na Brian Rawling, walikuwa na uwezo wa kuupaka wimbo mzima ule ufundi mpya. Wakaupaka mahali pachache. Ndiyo maana zaidi ya miaka 25 baadaye maneno yale bado yanashtua.

Naanza na wimbo huo kwa sababu unafundisha jambo ninalolitumia kupima kila sauti iliyochezewa kompyutani. Kila ufundi wa kuigeuza sauti huua kitu ndani yake. Vokoda huua noti za mwimbaji, Auto-Tune iliyokazwa huua mteremko ulio kati ya noti, mkasi huua maneno, na kupandisha sauti juu kupita kiasi huua mwili wenyewe. Prodyuza hodari anajua anachokiua, na anajua zaidi anachokibakiza. Basi nikiuchukua wimbo, swali langu ni moja: mwimbaji amebaki na nini?

(Muziki ninaouzungumzia hapa ni ule wa dansi ya kielektroniki: house, tekno, garage na jamaa zao. Bendi za dansi kama Msondo na Sikinde zina mizani yao, na inastahili makala yake.)

Tuanze na vokoda, kwa kuwa ndiyo kongwe. Iliundwa na Homer Dudley katika maabara za Bell nchini Marekani, miaka ya 1930, kwa shughuli za simu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kuficha mazungumzo ya siri ya wakubwa wa Marekani na Uingereza. Kazi yake ni hii: huigawa sauti ya mtu katika mikanda ya masafa, hupima nguvu ya kila mkanda, kisha hutumia vipimo hivyo kufungua na kufunga mikanda ileile kwenye sauti ya kinanda. Anayeimba ni kinanda. Mtu ametoa mdomo tu.

Kwa hiyo vokoda hupimwa kwa konsonanti. Herufi kama "s", "sh" na "f" hazina noti, ni hewa inayopita kwenye meno, na kinanda hakina hewa. Fundi huongeza mvumo kama wa upepo kwenye kinanda, au huacha masafa ya juu ya sauti halisi yapenye. Asiyejua hukuletea roboti kibogoyo: "shika" inakuwa "ika", na msikilizaji anabaki kubahatisha. Sikiliza "Die Roboter" ya Kraftwerk, wale Wajerumani wa Düsseldorf, ya mwaka 1978. Hata usiyejua Kijerumani unasikia neno linapoanza na linapokwisha. Kinanda chao kilikuwa kinene cha kutosha kubeba matamshi.

Watu wengi huichanganya vokoda na ule mpira wa mdomoni ambao wenyewe huuita tokboksi. Hapo sauti ya kinanda au gitaa hupitishwa kwenye mpira mwembamba hadi kinywani, mpigaji akaichonga kwa ulimi na midomo, na maikrofoni ikaichukua inapotoka. Roger Troutman wa kundi la Zapp alikuwa bingwa wake; "More Bounce to the Ounce" ya mwaka 1980 inatosha kuthibitisha. Tofauti utaisikia mara moja: tokboksi ina unyevu. Kuna mate, kuna ulimi unaogusa mpira. Kwa wimbo wa mapenzi mimi ningechagua tokboksi siku zote. Vokoda nawaachia wanaoimba habari za mashine na safari za usiku.

Auto-Tune ndiyo inayolaumiwa kuliko zote, na lawama nyingi zinaiangukia bure. Muundaji wake, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyefanya kazi ya kuchanganua mitetemo ya ardhini kutafuta mafuta. Programu yake ilitoka mwaka 1997. Husikiliza noti iliyoimbwa na kuivuta hadi kwenye noti sahihi iliyo karibu. Ikiambiwa ivute taratibu, hutaisikia. Ikiambiwa ivute papo hapo, unapata zile ngazi za Cher.

Wanaoiga wengi husahau kwamba ili ngazi zisikike, lazima mwimbaji awe anateleza. Aliyenyoosha noti zake kama rula haipi programu chochote cha kuvunja, na matokeo yake ni sauti iliyopauka. Daft Punk walipotoa "One More Time" mwaka 2000 walimweka Romanthony wa New Jersey, mwimbaji wa house aliyeimba kwa kuvuta, kupinda na kusihi. Programu ikapata kazi. Kila alipopinda ikamnyoosha, naye akapinda tena, na furaha ya wimbo ule imo katika kushindana huko.

Kasoro ya kuitambua ni mtetemo. Mtayarishaji akiiwekea programu skeli isiyo ya wimbo, au mwimbaji akisimama katikati ya noti mbili, sauti hupepesa huku na huko kama taa yenye waya uliolegea. Nimelisikia hilo hata kwenye nyimbo za Bongo Fleva zilizopigwa kila kituo. Halitokani na uamuzi wa kisanii. Ni kazi ambayo haikukaguliwa.

Na sisi wa pwani tuna tahadhari ya ziada. Niliwahi kukaa kwenye studio moja ya Dar es Salaam, binti aliyekulia kwenye kasida na taarabu akirekodi juu ya mdundo wa house. Prodyuza akaikaza Auto-Tune hadi mwisho. Vile vipinda vyake vya mwisho wa mshororo, ambavyo hupita katikati ya noti za kinanda, vikageuka vidaraja. Binti akasikiliza, akasema kwa upole, "Kaka, hapo mwishoni umenikata." Kijana yule ni msikivu. Aliibakiza programu katikati ya mishororo na kuiondoa kwenye miisho yote. Wimbo ukapona.

Sasa mkasi. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Unachukua sauti iliyoimbwa, unaikata vipande vya silabi moja au nusu, kisha unavipanga upya kama mpiga marimba anavyopanga mbao zake. Marc Kinchen wa Detroit, ajulikanaye kama MK, aliichukua "Push the Feeling On" ya Nightcrawlers mwaka 1992 na kuikata hadi maneno yakapoteza maana yote. Kiitikio kinachoimbwa na watu hadi leo hakipo katika lugha yoyote. Todd Edwards, naye wa New Jersey, alikwenda mbali zaidi. Hukusanya vipande vidogo mno kutoka rekodi mbalimbali, huyu pumzi, yule irabu, na kuvishona hadi vikasikika kama kwaya inayojibizana. Garage ya Uingereza imemwiga sana. "Face to Face", aliyoifanya na Daft Punk na kutolewa mwaka 2001, ndiyo mlango mzuri wa kuanza kumsikiliza.

Ubora wa kukata unakaa kwenye kingo. Kipande kilichokatwa ovyo huanza na mlio mdogo wa "tik", kwa sababu wimbi la sauti limekatwa likiwa juu. Fundi hukata pale wimbi linapopita sifuri, au hulainisha ukingo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kingo laini kupita kiasi nazo ni ugonjwa, maana silabi inapoteza ngumi yake na mdundo unalegea. Sikiliza pia kama pumzi zimeachwa. Todd Edwards huziacha pale anapozitaka, na pumzi moja iliyowekwa kabla ya pigo zito inafanya kazi kuliko ngoma kumi.

Kwa Kiswahili mkasi una mambo yake. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo vipande vinavutika vizuri na kuungana bila mikwaruzo. Tatizo ni mwanzo. Ukichelewa kidogo kukata "ndoto" unapata "doto", na "mbali" inageuka "bali". King'ong'o kile cha mwanzo ndicho kinachobeba utamu, na kinachukua muda mfupi mno. Prodyuza anayeikata sauti ya Kiswahili kwa mazoea ya rekodi za Kiingereza hukikosa kila mara.

Kupandisha na kushusha sauti kunahitaji neno moja la fizikia. Koo na kinywa ni chumba, na chumba hicho kina mvumo wake usiobadilika sana hata mtu akipanda noti. Ukiikimbiza rekodi nzima, noti inapanda na chumba nacho kinasinyaa. Mtu mzima anakuwa kipanya. Ross Bagdasarian alipata umaarufu kwa mbinu hiyo mwaka 1958 na wale kindi wake wadogo waimbao. Programu za leo zinaweza kutenganisha noti na chumba, na hapo ndipo ustadi ulipo. Burial wa London, katika albamu ya "Untrue" ya mwaka 2007, alizivuta sauti juu na chini hadi hujui kama ni mwanamke au mwanamume anayelia pale dirishani, lakini hujawahi kutilia shaka kwamba ni mtu. Skrillex na Diplo waliigeuza sauti ya Justin Bieber kuwa ala katika "Where Are Ü Now" ya mwaka 2015. Wengi walidhani ni filimbi au pomboo. Bado kuna mpasuko mdogo wa koo mwanzoni mwa kila noti. Ukishausikia hutausahau.

Mwangwi nausemea kwa ufupi: upime kwa saa. Mdundo wa mapigo 125 kwa dakika una milisekunde 480 kati ya pigo na pigo, na mwangwi usiokubaliana na hesabu hiyo utakwaruza. King Tubby wa Kingston aliwafundisha wote, miaka ya 1970, kuutupa kwenye neno moja na kuyaacha mengine makavu. Kwenye singeli, ambako mapigo huvuka 200, mwangwi wa ukumbi wa sekunde mbili hufunika zaidi ya mapigo sita na kummeza mwimbaji. Singeli nzuri huimbwa karibu na sikio, kavu.

Ukimaliza na hedifoni, sikiliza tena kwenye spika ndogo ya simu. Madoido ya pembeni yatatoweka. Kama na mwimbaji ametoweka, kazi ile ilikuwa pambo.

Mwisho, angalia majina. Mwaka 1989 kundi la Black Box la Italia lilitoa "Ride on Time" likitumia sauti ya Loleatta Holloway wa Chicago, kutoka wimbo wake "Love Sensation" wa mwaka 1980, bila ruhusa yake. Kwenye video aliyefungua mdomo ni mwanamitindo. Wimbo ukakaa wiki sita kileleni Uingereza, na Holloway ikambidi adai haki yake kupitia wanasheria. Kiufundi rekodi ile imekatwa vizuri sana, nami siwezi kuipa alama kamili. Wewe prodyuza unayeanza leo, kabla hujaupeleka wimbo sokoni, liandike jina la aliyeimba, hata kama umembakizia pumzi moja tu.