Kimathi Kizimbani: Mchezo na Kumbukumbu za Kesi

Katika Mzalendo Kimathi, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo uliotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1976, mshtakiwa husomewa shtaka naye hajibu. Hunyamaa kimya, na anenapo, huhoji ni sheria ya nani hiyo inayomhukumu. Kimya hicho ndicho nguzo ya mchezo mzima, kwani ajibuye shtaka amekwisha kumkubali jaji.

Kumbukumbu za kesi yenyewe, iliyosikizwa Nyeri mwaka 1956, zilichapishwa mwaka 2017, nazo zatuonyesha mtu mwingine. Huyu alikana shtaka la kupatikana na bastola, akala kiapo, akajitetea kwa Kigikuyu kupitia mkalimani kwamba alikuwa akienda kujisalimisha. Washauri watatu wa mahakama, Waafrika wenzake, walimwona ana hatia. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Je, watunzi wamekosea? La hasha, mtunzi hafungwi na karani wa korti. Lakini sikubaliani na msomaji atakayemwonea haya Kimathi wa pili. Majeruhi apiganiaye roho yake kwa lugha asiyoijua jaji ana uzito wa kitanzia ambao shujaa wa jukwaani, kwa ukamilifu wake, ameukosa. Hapo ndipo mwanasheria na mhakiki wangalipaswa kuketi pamoja, kwani neno lililopotea kati ya Kigikuyu na Kiingereza siku ile si mali ya taaluma moja, na hadi sasa halina wa kulidai.