Ufundi wa Kumchelewesha Mbwa

Mbwa wa ajiliti, mchezo wa kupita vikwazo kwa kasi, huingia kwenye mbio bila ukamba. Mwongozaji wake haruhusiwi kumgusa, wala kushika tonge la kumvutia. Mbele yao kuna vikwazo vipatavyo 20: viunzi vya kuruka, handaki la turubai, daraja jembamba la mbao, bembea ya ubao, ukuta wenye umbo la paa, na fito 12 zilizosimikwa kwa mstari, ambazo mbwa huzipenya kwa kupinda huku na huku pasipo kuacha nafasi hata moja. Dakika moja haiishi, wameshamaliza. Mimi nasifu zaidi ile miezi mingi ya kujizuia inayotangulia.

Mchezo wenyewe ulizaliwa ili kujaza pengo la ratiba. Mwaka 1978 waandaaji wa maonyesho ya mbwa ya Crufts, jijini London, walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji katikati ya shughuli. John Varley, aliyekuwa kwenye kamati, akamwendea mkufunzi Peter Meanwell, na wakaazima wazo kutoka kwa farasi warukao viunzi. Umati ukaupenda. Mwaka 1980 Kennel Club ya Uingereza ikautambua rasmi, na mwaka 1996 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, huko Uswisi.

Kilebu wa aina ya Border Collie hahitaji kufundishwa kukimbia, na hapo ndipo kishawishi kilipo: mwenyewe anatamani kumrusha viunzi leo leo. Lakini ncha za mifupa ya kilebu bado ni laini. Akirushwa mapema na mara kwa mara, anaweza kupata jeraha la maisha. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FCI, hazimruhusu kushindana kabla ya kutimiza miezi 18. Kwa hiyo fundi anampa kazi nyingine. Anamfundisha kwamba ana miguu ya nyuma. Usicheke: mbwa wengi huijali ya mbele tu, ya nyuma ikawa abiria. Basi kilebu anapandisha miguu ya mbele juu ya beseni lililopinduliwa, kisha anajifunza kuzunguka kwa ile ya nyuma, hatua baada ya hatua, na kila hatua ina kipande cha nyama. Mtu anayepita njiani hataona cha kumsimamisha.

Bembea ndiyo mtihani wa moyo, kwa sababu ubao hushuka ghafla kwa kishindo. Fundi mzuri huanza na kishindo chenyewe. Ubao huinuliwa sentimita chache tu. Mbwa akiubamiza, anatuzwa, hadi anakuwa yeye ndiye anayeutafuta mlio. Fito nazo hupangwa safu mbili zilizoachana kama uchochoro, kisha zinasogezwa kidogo kidogo wiki hadi wiki, mpaka mstari unanyooka na mbwa anajikuta anapinda.

Baada ya hapo mwanafunzi ni binadamu. Mbwa aliye mbioni husoma mabega na miguu ya mwenzake kabla ya kusikia neno. Bega likigeuka kwa kuchelewa nusu hatua, ameshaingia handaki lisilo lake, na wote wawili wametolewa. Ndiyo maana kabla ya mbio waongozaji huruhusiwa kupita uwanjani peke yao. Utawaona watu wazima wakinyoosha mikono, wakigeuka, wakiita mbwa ambao hawapo. Ni kichekesho, lakini makosa mengi huzuiwa katika dakika hizo chache.

Afya nayo haina siri kubwa: mbavu zipapaswe kwa urahisi chini ya ngozi, kucha zibaki fupi, misuli ipashwe moto kwa kutembezwa na kukimbizwa polepole. Siku ya joto kali fundi hufupisha mazoezi, maana mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema. Mabega huumia mara nyingi, na mbwa mwenye hamu huficha maumivu. Akianza kuangusha viunzi alivyokuwa akivivuka bila shida, wengine humwongezea mazoezi. Fundi humpeleka kwa daktari wa mifugo.

Ningekuwa na kombe la kutoa, nisingelitazama saa. Ningempa yule ambaye mbwa wake alikuwa bado anashinda, akaona hatua moja ya mguu wa nyuma imefupika, akafuta jina lake kwenye orodha ya msimu huo na kurudi naye nyumbani.