Sifa ya Mkono Ubanduao Nembo

Mjini Same, palipo na joto na vumbi chini ya Milima ya Upare, wako mafundi wa cherehani ambao mitumba imewafundisha sanaa isiyotajwa vyuoni, nayo ni kubandua nembo, maandishi na viraka vilivyogandishwa kwa pasi, bila ya kuidhuru nguo.

Nilimtazama mmoja wao, mtu wa makamo mwenye pasi ya mkaa ambayo komeo lake lina umbo la jogoo, akiishughulikia sweta ya buluu iliyokuja na nembo ya shule ya Ulaya kifuani. Hakukimbilia wembe. Aliigeuza sweta ndani nje, akatandika karatasi ya kaki chini ya nembo na nyingine juu, akalipima joto kwa tone la maji, kisha akakandamiza na kunyanyua, akakandamiza na kunyanyua, wala hakuburuta, kwa maana pasi iburutwayo huivuta sufu na kuupotosha ufumaji wake. Na gundi ilipolainika akaishika pembe ya nembo kwa kucha, akaivuta taratibu ingali moto, palipokataa akaacha, akairejesha pasi. Utando uliosalia aliufyonza kwa karatasi safi, na mabaki ya mwisho akayafuta kwa pamba yenye spiriti, baada ya kuijaribu kwanza pindoni, isije rangi ikachujuka.

“Fundi, haitaacha alama?” aliuliza mama mwenye sweta, aliyeteremka kutoka Chome, ambako baridi ya Mlima Shengena haimsamehe mtoto asiye na sweta.

“Itaacha, mama. Hapa jua halikupafikia, rangi ni mbichi. Nembo ya shule yenu nitaiweka papo hapo, ipafunike.”

Jibu hilo lilinipendeza kuliko kazi yenyewe, kwa kuwa lilikuwa la mtu mkweli aliyekwisha kuifikiria aibu ya nguo na sitara yake kabla ya kutia mkaa. Mkono huo huo hutambua kwa kugusa tu ipi ni pamba, ipi ni sufu, na zipi ni nyuzi za kiwandani zisizovumilia moto mkali.

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 marobota ya mitumba hayajakoma, hata baada ya wakuu wa Afrika Mashariki kuazimia mwaka 2016 kuyakomesha. Kwa hiyo aghalabu utamwona mzee mwenye taadhima zake akipita sokoni na jina la kampuni asiyoijua kifuani, ilhali ni haki yake kuvaa shati lisilomsemea maneno ya watu wengine.

Siku hizi nembo hung'olewa ikiwa baridi, ikatoka na nyama ya kitambaa. Au hukatwa kwa mkasi na tundu likazibwa kwa kiraka kikubwa zaidi, na mteja huambiwa kuwa nguo ni rahisi, atanunua nyingine. Vijana wanaoketi karibu na fundi yule hujifunza kushona, kwani kushona kuna ujira. Kubandua huwachosha, nao huondoka pasi ingali inapata moto.