Bunduki Moja na Sanduku la Chuma: Mkulima wa Berega Alivyochagua

Mzee mmoja, mkulima wa Berega, huku Ukaguru, aliniuliza swali wakati mahindi yake yakitoa mbelewele. Alikuwa ametandaza miguuni pangu mabua saba yaliyolazwa na kutafunwa usiku uliopita. "Mwanangu, nimeamua kuomba kibali. Mtu anayeanza anatakiwa awe na bunduki zipi?" Alikuwa amesikia kwamba kule Marekani mtu anayeanza kumiliki silaha hushauriwa ajaze kabati: bastola ya nyumbani, bunduki ndogo ya kujifunzia shabaha, ya masafa marefu kwa wanyama wakubwa, na ya marisau kwa ndege. Naye alitaka orodha kama hiyo, iliyokatwa kwa kimo cha Ukaguru.

Nilikaa naye mpaka uamuzi ukaiva. Nauchambua hapa kwa sababu njia aliyoipita inawafaa wengi, kuanzia Mamboya hadi Mikumi. Alianza na silaha nne kichwani, akaishia na moja mkononi, na kila aliyoikata aliikata kwa hoja inayopimika.

Kazi kwanza

Nilimwomba asahau bunduki kidogo, tukague shamba. Ni mahindi yenye alizeti upande wa juu, na korongo upande wa chini. Mharibifu mkuu ni nguruwe pori. Huingia giza likishashika, hulaza bua, hula hindi nusu na kuhamia jingine. Nyani na tumbili huja mchana kweupe, tena huweka mlinzi wao juu ya mti kama askari wa zamu. Kanga hufukua mbegu mwanzoni mwa msimu.

Tulipima kwa hatua. Kutoka kwenye dungu lake mpaka pale nguruwe wanapovukia korongo ni hatua 35. Kisha tukasimama dunguni na kutazama ng'ambo: nyumba tatu, na kijia cha watoto wa shule.

Mpaka hapo shamba lilikuwa limekwishajibu mambo matatu. Mnyama ni wa kilo 50 hadi 100 hivi, umbali haufiki mita 40, na nyuma ya shabaha kuna watu. Jambo hilo la tatu ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Silaha nne kwenye mizani

Tulianza na gobole, kwa kuwa hiyo ndiyo bunduki ambayo Ukaguru imeishi nayo muda mrefu zaidi. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa ilipita Mamboya, na bunduki za kushindilia baruti mdomoni zilipanda na misafara hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Baadaye wahunzi wa vijijini wakajifunza kuziiga, na mtutu ukawa bomba la maji. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Baruti ikilipuka ndani yake, siku moja hupasuka, na linapopasuka shavu la mpigaji huwa limelala juu ya kitako.

Mzee alikuwa na gobole la babu yake darini. Halina namba, halina kibali, na kwa sheria mwenye nalo ni mkosaji hata kama hajawahi kulifyatua. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitenga Septemba na Oktoba kuwa miezi ya msamaha, ambapo anayesalimisha silaha kwa hiari hashitakiwi. Alilipeleka. Safari yake ya kumiliki bunduki ilianza kwa kuitoa moja nyumbani, na naona ndiyo hatua bora kuliko zote alizopiga.

Bastola ilifuata, na haikuchukua muda. Mtutu wake ni wa sentimita kumi hivi. Mkono ukitikisika kidogo tu, risasi huenda mbali na ulikolenga. Kwa hatua 35, gizani, ni bahati nasibu. Tena bastola hufichika kiunoni, kwa hiyo hufika kilabuni, harusini na kwenye ugomvi wa mpaka. Shambani haina kazi.

Tatu ni raifo, bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili isiyumbe. Kwa shabaha haina mpinzani, na ndiyo maana mzee aliipenda. Lakini uwezo huohuo ndio uliomtisha aliponyoosha kidole kuelekea zile nyumba tatu. Hata risasi ndogo ya kaliba .22 huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Za kuwindia wanyama wakubwa huvuka kilomita tatu. Kaliba .375 iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912 inamfaa mtu anayekabiliana na nyati kwenye kitalu cha uwindaji. Berega, risasi ikimkosa nguruwe, itaendelea na safari, na ng'ambo ya korongo kuna watu.

Ikabaki bunduki ya marisau, ile ambayo wengi wanaiita shotigani. Mtutu wake ni laini ndani, na hutoa punje nyingi kwa mpigo mmoja. Nguvu yake huishia karibu: punje ndogo huchoka ndani ya mita mia chache. Kwa mwenye shamba lililozungukwa na majirani, udhaifu huo ndio sifa tunayoitafuta.

Mitutu, kitako na ganda

Dukani alikuta aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kuvuta mkono mbele na nyuma, inayobeba risasi kadhaa tumboni. Ya pili ni ya kukunja, yenye mitutu miwili, risasi moja kila mtutu. Muuzaji aliisifia ya kwanza kwa wingi wa risasi. Mzee akachagua ya pili, na sababu yake inastahili kuandikwa kwa wino mzito: bunduki iliyokunjwa haiwezi kufyatuka. Akipita njiani ameikunja begani, jirani aliye hatua 20 anaona imekunjwa na kujua kwamba haiwezi kufyatuka. Ile nyingine huwezi kujua kilicho ndani mpaka uipokee na kuichungulia. Kijijini, amani ya anayekutazama ni sehemu ya ubora wa silaha.

Kipimo alichochukua ni geji 12. Namba hiyo ina asili yake: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454 hivi, ukaigawa vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea mtutu huo, ambao upana wake ni milimita 18.5 hivi. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, ingawa namba yake ni kubwa. Geji 12 ndiyo ambayo risasi zake hupatikana kirahisi, na bunduki isiyopata risasi ni fimbo ya bei ghali.

Kitako kilipimwa mwilini. Alikikalisha kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa, na kidole chake kikafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kitako kirefu hukwama kwenye nguo, na kifupi hurudi na kumgonga mtu puani.

Kisha maganda. Risasi ya marisau madogo, ya milimita mbili na nusu hadi tatu, ni ya kanga. Ukimpiga nayo nguruwe utamjeruhi tu, akafie porini baada ya siku tatu, au amrudie mtu. Kwa nguruwe kuna ganda la punje kubwa, kwa kawaida tisa, kila moja ikiwa na milimita nane na kitu. Mzee alinunua kumi za punje kubwa na hakuzidisha.

Nne kati ya hizo zilitumika siku ya kujaribu, mbele ya askari, kwenye uwanja wa shabaha. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho maneno hayawezi kukifundisha. Tulitundika mfuko mtupu wa saruji kwenye mita 15, na punje zote tisa zikaingia ndani ya duara linaloweza kufunikwa na sahani ya wali. Tukatundika mfuko mwingine kwenye mita 30. Tulihesabu matundu matano. Punje nne hazikugusa karatasi kabisa. Mzee aliweka kidole kwenye kila tundu, kisha akauliza, "Hizo nne zimekwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Alikunja mfuko ule, akaondoka nao, na kesho yake akahamisha dungu lake. Sasa liko hatua 20 kutoka kwenye kivuko, na limeinuliwa ili mtutu uelekee chini, kwenye udongo wa ukingo wa korongo. Nyumba tatu hazimo tena kwenye mstari. Dungu lilikuwa la miti na kamba tu, lakini kuhamishwa kwake kuliongeza usalama kuliko bunduki yoyote ya bei.

Sanduku, na nyigu

Kitu cha pili cha lazima ni sanduku la chuma lililofungwa kwa nati ukutani, ndani ya chumba cha kulala. Bunduki hukaa humo, na risasi hukaa kwenye boksi jingine lenye kufuli lake. Ufunguo uko shingoni mwa mzee, hata akienda kanisani. Ana wajukuu wanne, na mtoto wa miaka sita akiwa na kiti anafika kila mahali.

Kitu cha tatu ni fimbo ya kusafishia, kitambaa na mafuta. Huku kwetu nyigu hujenga kwa udongo kwenye kila tundu analolikuta, na mtutu ni tundu. Bunduki iliyoachwa pembeni wiki mbili inaweza kuwa na kiota kigumu ndani. Ukifyatua mtutu ulioziba, presha inakosa pa kutokea na chuma hupasuka. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kuweka risasi, unakunja, unachungulia angani, unaona duara la mwanga. Usipoliona, huna bunduki siku hiyo.

Karatasi na vikao

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na aonyeshe kuwa anajua kuitumia silaha. Maombi huanzia kijijini, hupita kwenye vikao vya ulinzi na usalama, na polisi huchukua alama za vidole. Wengi huchoka njiani na kulalamika. Mimi nauona mlolongo huo kama mizani nyingine: mtu asiyeweza kuwaeleza majirani zake kwa nini anataka bunduki hajaijua kazi yake.

Wilaya yetu ya Kilosa ina sababu ya pekee ya kuuliza swali hilo kwa ukali. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Anayenunua bunduki akiwa na kinyongo na jirani moyoni mwake, awe mkulima au mfugaji, anaanza kurudia njia hiyo. Ng'ombe wakiingia shambani, dawa ni mtendaji, baraza na fidia.

Wanyamapori nao wana sheria yao, Na. 5 ya mwaka 2009. Mnyama ni mali ya umma, na kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Ukimuua mnyama katika kulinda uhai au mali, toa taarifa kwa afisa wanyamapori, na nyama si yako. Usiku, kwa hiyo, kazi ya kwanza ni ya debe, mbwa na moto, na hatua ya kutumia risasi hupangwa na afisa huyo mapema.

Kwa wenzetu wa upande wa Mikumi, ambako hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 inapakana na mashamba, nasema hivi: tembo si kazi ya shotigani. Punje tisa zitamkasirisha tu, naye atamalizia hasira kwa mtu atakayekutana naye asubuhi. Pilipili kwenye kamba, mizinga ya nyuki na simu kwa askari wa wanyamapori ndizo zana zake. Akishaharibu, fuatilia kifuta jasho.

Hesabu ya mwisho

Orodha ya mzee ikawa hivi: bunduki moja ya kukunja, risasi chache, sanduku, fimbo ya kusafishia na dungu lililohamishwa. Silaha ni moja katika vitu vitano, na sidhani kama anapungukiwa na ya pili.

Nilirudi Berega wakati wa kuvuna. Nguruwe walikuwa wamekuja mara kadhaa, mbwa wakawanusa mapema, debe likapigwa, wakarudi korongoni. Safu mbili za mahindi ziliharibika, zilizobaki zilikuwa zinaanikwa uani. Mzee aliniingiza ndani, akavua ufunguo shingoni, akafungua boksi dogo na kunihesabia risasi moja moja juu ya kitanda. Zilikuwa sita, zilezile zilizobaki siku ya kujaribu.