Filamu Moja Yenye Vipindi Vinne

Futurama, tamthilia ya vibonzo vya kuchekesha iliyotungwa kwa ajili ya watu wazima na Matt Groening akishirikiana na David X. Cohen, ilionyeshwa na televisheni ya Fox huko Marekani tangu Machi 1999 hadi Agosti 2003, na vipindi vyake 72 vilipokwisha wengi waliihesabu kuwa marehemu. Walioihuisha ni watu walionunua DVD zake wakazitazama majumbani mwao, pamoja na wale waliokesha wakifuata marudio yake katika vipindi vya usiku vya Adult Swim. Kwa sababu yao zikaagizwa filamu nne za DVD, ya kwanza, Bender's Big Score, ikatoka Novemba 2007, na ya mwisho Februari 2009. Walakini agizo lile lilikuja na sharti zito: kila filamu ipasuliwe baadaye iwe vipindi vinne vya televisheni ya Comedy Central, jumla yake 16.

Kipindi kimoja huchukua dakika 22 hivi, na 22 mara nne ni 88, nao ndio urefu wa filamu hizi kwa kukadiria. Hesabu ni nyepesi. Utunzi ndio wenye mashaka. Filamu hupanda taratibu kuelekea kilele kimoja, ilhali kipindi cha vichekesho hutaka kiwe na chanzo chake, tatizo lake na kituo chake katika muda mfupi. Basi mtungaji hana budi kuweka, kila robo itimiapo, tukio lenye nguvu ya kumfanya mtazamaji wa televisheni angoje kwa shauku, wala mwenye DVD asihisi kuwa amesimamishwa njiani.

Ken Keeler, mwandishi wa Bender's Big Score, ambaye ni mwanahisabati kwa elimu yake, alilifumbua fumbo hili kwa safari ya wakati. Fry, kijana aliyegandishwa usiku wa kuamkia mwaka 2000 akazinduka mwisho wa mwaka 2999, amechorwa matakoni tatuu ya tarakimu za 0 na 1, na mwenye kuzisoma hurudishwa nyuma katika zama zilizopita. Njia hiyo ni ya kwenda tu. Bender, roboti aliyetiwa utumwani na matapeli, akisha kuiba hazina za kale hujificha katika pango lililo chini ya jengo la Planet Express, kampuni anayofanyia kazi Fry, akangoja karne kwa karne mpaka saa yake iwadie. Kwa mpango huo tukio moja laweza kutazamwa tena kutoka upande wa pili, na pengo lililoachwa katika robo moja likazibwa katika robo nyingine. Hivyo mahali pa kukatia pakawa sehemu ya siri yenyewe. Lars, mchumba wa Leela, mwanamke anayependwa na Fry, huingia kama mtu wa kawaida, na karibu na mwisho ndipo inapobainika kuwa yeye ni Fry yule yule, aliyeishi tena tangu 2000 hadi 2012.

Ufundi huu ungekuwa baridi lau usingegusa moyo. Katika kipindi cha mwaka 2002, Jurassic Bark, Seymour, mbwa wa Fry, alimngojea bwana wake mbele ya duka la piza mpaka akafa. Filamu yaonyesha kwamba Fry alirudi akaishi juu ya duka lile pamoja naye kwa miaka mingi. Wako wanaosema kuwa huzuni ile ingeachwa kama ilivyokuwa. Mimi naona faraja hii ni halali, kwa maana imetokana na kanuni ile ile inayoiendesha hadithi nzima.

Michoro, iliyotengenezwa na Rough Draft Studios, iliendelea kuchanganya watu waliochorwa kwa mkono na vyombo vya angani vilivyoundwa kwa kompyuta, safari hii katika kioo kipana cha 16:9.

Filamu zilizofuata hazikuufikia ustadi huo wa utunzi. The Beast with a Billion Backs yalegea katikati, na Bender's Game yaruka ghafula kuingia nchi ya Cornwood, mshono wake ukaonekana wazi. Mwenye kutaka kujifunza utunzi na aanze na Bender's Big Score: aitazame kwanza nzima katika DVD, kisha aitazame tena akiwa na saa mkononi, asimamishe kila baada ya dakika 22, aangalie nini kimefichwa hapo.