Bango la mfadhili na saa za kazi



Wiki iliyopita tulibishana sana juu ya ile siku ya programu huria vijana wetu wanatayarisha. Kampuni moja ya hapa mjini imekubali kulipa chumba, intaneti na chakula cha mchana. Mmoja wetu akasema: « Hawa batu banatupenda, tuseme aksanti. » Mwingine akamjibu palepale: « Hakuna mutu anatoa makuta bure, kesho tutasikia tumeuzwa. » Mimi nilinyamaza. Lakini nimeendelea kuwaza, na naona wote wawili wamekosa, na yule wa kwanza njo amekosa zaidi.

Tuanze na makuta yenyewe. Programu huria ni ile msimbo wake uko wazi: unausoma, unaubadilisha, unamgawia jirani. Kampuni inayouza huduma za seva haikulipa hata franka moja kupata Linux. Biashara yake yote imesimama juu ya kiwanja kisicho chake, kinachofagiliwa na watu wengi isiyowalipa, na wengine kati yao wanafagia usiku baada ya kazi yao ya kila siku. Kama hao wakichoka, nani atafagia?

Mwaka 2014 ulimwengu ulipata jibu. Kosa lililoitwa Heartbleed lilionekana ndani ya OpenSSL, programu inayoficha maneno ya siri yakisafiri kwenye intaneti. Mabenki, maduka, serikali, wote walikuwa wanaitumia. Kumbe waliokuwa wanaitunza walikuwa wachache sana, mmoja tu kati yao akifanya kazi hiyo kutwa nzima, na michango waliyokuwa wanapata ilikuwa dola 2,000 hivi kwa mwaka. Dola 2,000! Kuko harusi hapa kwetu zinazokula zaidi. Baada ya aibu hiyo Google, Microsoft, Facebook, Amazon na wengine waliahidi kila mmoja dola 100,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Hawakuwa wameguswa na upendo. Waliona nyumba yao inaweza kuanguka.

Sasa, juu ya nini kulipa mkutano, na si kulipa tu watengenezaji? Angalieni FOSDEM, kule Bruxelles. Kila mwaka, siku mbili za baridi kali, maelfu ya watu wanajaa chuo kikuu cha ULB. Hakuna tiketi, hakuna kujiandikisha, unaingia tu. Wanaoendesha ni wa kujitolea. Watu waliojuana kwa majina ya kwenye kioo tu wanaonana uso kwa uso, na ugomvi wa miezi sita juu ya mstari mmoja wa msimbo unaweza kuisha juu ya meza ya bia. Fundi wa kampuni anakaa karibu na yule anayetunza chombo ambacho kampuni inakitegemea, anasikia mapema nini kitabadilika. Anaona pia nani kijana anajua kazi kweli, bila kusoma barua za kuomba kazi mia tatu. Kwa bei ya chumba na kahawa, hiyo ni biashara nzuri, na mimi sioni haya ndani yake.

Lakini kuko kitu FOSDEM haiuzi: nafasi ya kusema. Januari 2025, Jack Dorsey, yule wa Twitter ya zamani, alikuwa kwenye programu ya wasemaji. Watu wakachukia, wengine wakatangaza watakaa chini kumpinga. Waandaaji walijibu kwamba tangu zamani kufadhili hakumpi mtu upendeleo katika kuchaguliwa kusema. Mwishoni hotuba ile haikufanyika. Tunaweza kubishana kama waliokasirika walikuwa na haki. Kanuni yenyewe, hapana.

Hadithi inayonisumbua zaidi ni ile ya WordPress. Mikutano yake, WordCamp, inaandaliwa na watu wa kujitolea, na wasemaji hawalipwi. Septemba 2024, kule Portland, Marekani, kampuni WP Engine ilikuwa mfadhili wa WordCamp kubwa ya nchi ile. Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, akapanda jukwaani akaishambulia WP Engine hiyohiyo mbele ya watu. Lawama yake: wanachuma makuta mengi juu ya WordPress, lakini wanarudisha saa 40 tu za kazi kwa juma, wakati kampuni yake mwenyewe, Automattic, inatoa zaidi ya 3,000.

Swali lake ni zuri kabisa. Bango linahesabu dola, halihesabu saa. Unaweza kulipa, jina lako likaandikwa kwa dhahabu, na hakuna fundi wako hata mmoja aliyetengeneza kosa moja. Ila mwulizaji naye ni mfanyabiashara wa soko lilelile: Automattic inauza huduma kama za WP Engine. Siku chache baadaye Mullenweg aliifungia WP Engine mlango wa WordPress.org, na wateja waliokosa masasisho ya tovuti zao hawakuwa na kosa lolote. Mambo yakaenda mahakamani. Januari 2025 Automattic nayo ikatangaza kwamba inashusha saa zake mpaka 45 hivi kwa juma, ili ifanane na mpinzani. Wa kujitolea walibaki katikati, na kiwanja kinahitaji kufagiwa bado.

Njo maana sikubali ile « banatupenda ». Mpenzi hatuwezi kumdai kitu, lakini anayefanya biashara tunaweza kupatana naye. Na kuko watu wanaotoa bila bango: dada yetu atakayekuja asubuhi na moto kupanga viti, kwa makuta yake, na yule anayenunua mega zake ili wengine wapakue programu mapema.

Mimi naomba kamati irudi kwa ile kampuni na neno moja tu. Chumba na chakula, aksanti sana. Mkurugenzi wao akitaka kusema, alete mada yake ichaguliwe pamoja na za wengine. Na watutumie fundi wao mmoja, akae na wanafunzi mchana wote, watafute pamoja kosa moja ndani ya programu huria ambayo kampuni yenyewe inaitumia, walitengeneze, walitume. Wakikataa fundi, chakula tutakula vilevile. Lakini kwenye bango tuandike kile walichotoa kweli: wali na maharagi.